Ugonjwa wa Pumzi na Ugonjwa wa Mkono

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mnaitika kama waliokwamwa na ugali kooni! Watoto, wakubwa, wote kwa pamoja: Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Zamani hizo, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kualikana harusi, palikuwa na kijiji kiitwacho Kwa Matete. Mkunga wa kijiji alikuwa nguchiro, jina lake Bi Sikujua. Mdogo wa mwili, mkali wa macho, maswali hayamwishi. Aliishi na mama yake, Bi Hadhara, na mdogo wake, Mwanamosi.

Masika moja, Kima mpiga ngoma akarudi kutoka safari. Mzima kabisa! Anacheka, anaimba. Akapiga ngoma harusini kwa Paa, ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa kwa mvua. Ti-ti-ti, pa! Ti-ti-ti, pa! Siku ya tatu Kima akaanza: koho! koho! Siku ya sita nyumba hii koho! nyumba ile koho! Hata Kobe, aliyekaa pembeni peke yake harusini, asimpe mtu mkono, naye koho!

Bi Sikujua akapita mlango kwa mlango. "Ulikuwa wapi? Ulikaa na nani?" Aliposikia habari ya Kobe, akapiga kofi, pa!

"Ugonjwa huu unapanda pumzi! Na anayeueneza hajijui, maana anaueneza kabla hajaumwa. Fungueni madirisha! Vaeni barakoa! Kaeni mbalimbali!"

Wakafungua. Wakavaa. Wakakaa mbalimbali. Nusu ya kijiji iliugua, wengi wakapona, wazee wawili wakafa. Ugonjwa ukaisha. Wanyama wakatembea vifua mbele: "Sisi sasa ni mabingwa wa magonjwa!"

Kiangazi kikaja. Ngiri akaokota mzoga porini, akaula. Baada ya siku kadhaa akalala na homa, mwili moto kama kaango. Akatapika. Akaharisha. Damu ikamtoka puani.

"Tunaujua!" wanyama wakapiga kelele. "Barakoa! Madirisha!"

Barakoa zikavaliwa, madirisha yakafunguliwa, wah! Kobe akaketi hatua nne kutoka kitandani, akimwombea Ngiri kutwa nzima. Ngiri akafa. Wanawake watatu wakamwosha kwa mikono mitupu, wakamfuta, wakamkumbatia, barakoa ziko usoni. Mmoja wao alikuwa Mwanamosi.

Siku ya nane, wote watatu chini! Na Kicheche dobi, ambaye hakukanyaga nyumba ya Ngiri, naye chini!

Bi Sikujua akatoka mbio, kwata-kwata-kwata, hadi kwa Kobe.

"Kobe, unaumwa?"

"Siumwi."

"Ulikaa chumba kimoja na Ngiri kutwa nzima!"

"Nilikaa. Sikumgusa tu."

Akakimbia hadi kwa Kicheche, akasimama nje ya dirisha. "Kicheche, ulikutana na Ngiri wapi?"

"Sikukutana naye," Kicheche akajibu kwa sauti ya mgonjwa. "Nililetewa shuka zake nizifue."

Bi Sikujua akaruka juu. Moyo unampiga du! du! du! Harusini Kobe alikaa mbali akaugua. Safari hii amekaa karibu, ni mzima! "Si pumzi!" akapiga kelele njia nzima. "Huu ni wa mkono! Uko kwenye jasho, matapishi, damu, shuka! Msiwaguse wagonjwa! Ule uliwapata wengi ukaua wachache. Huu unawapata wachache, lakini wengi wao hufa!"

Akarudi nyumbani. Akavaa mifuko mikononi, akajifunga turubai mwilini, akamhudumia mdogo wake. Uji akamnywesha kwa upawa wenye mpini mrefu.

"Dada," Mwanamosi akasema, "nishike mkono."

Bi Sikujua akamnyooshea upawa. "Shika huku, mdogo wangu. Mimi nashika huku."

Wakashikilia upawa ule, mmoja huku, mmoja kule. Asubuhi ya pili Mwanamosi akafa.

Kijiji kikafurika uani. Vilio, wii! wii! Bi Hadhara akashika ndoo ya maji, akaelekea mlangoni. Bi Sikujua akasimama kizingitini, mikono ameitandaza.

"Mama, hapana."

"Nipishe nimwoshe mwanangu!"

Jumbe Nyati, mkuu wa kijiji, akapasua njia. "We Sikujua! Kwetu maiti haizikwi bila kuoshwa. Mwanamosi hapumui tena. Hakohoi. Atatuambukiza nini?"

"Jumbe, hilo ndilo lililowaangusha! Huyu asiye na pumzi ndiye wa hatari kuliko wote. Ugonjwa haukufa naye. Uko juu ya ngozi yake, unangoja mkono. Waliomwosha Ngiri wako wapi?"

Kila mmoja aliwajua waliko: mmoja ndiye huyu maiti, wawili wako kitandani.

"Mnadhani mimi sitaki?" Bi Sikujua akasema, machozi yanamchuruzika. "Alitoka tumbo nililotoka mimi. Nami sikumgusa, wala sitamgusa. Tumwombee, tumwimbie, tumlilie. Mkono hapana!"

Jumbe Nyati akainamisha pembe. Akamshika Bi Hadhara bega, akamrudisha nyuma polepole.

Bi Sikujua na Kobe wakajifunga maturubai, wakamvingirisha Mwanamosi ndani ya mikeka, wakambeba kwa miti mirefu. Kijiji kikaimba kutoka mbali. Mikeka na shuka zilizobaki zikachomwa. Kila mlango ukawekwa maji na sabuni, na wote waliowagusa wagonjwa wakakaa peke yao wakihesabiwa siku.

Kicheche akapona. Wale wawili wengine hawakupona, nao wakazikwa vivyo hivyo. Siku ishirini na moja, hakuna mgonjwa mpya. Ishirini na moja nyingine, hakuna! Kima akairukia ngoma. Ti-ti-ti, pa! Watoto wakamwagika njiani, paa wakaruka, hata Kobe akatikisa shingo!

Siku zote hizo Bi Hadhara hakumsemesha binti yake. Alimwekea chakula, akageuka. Ngoma ilipolia akatoka, akasimama mbele yake.

"Ningemwosha," akasema. "Ningekufa. Nawe ungeniuguza, ukanifuata."

Akamvuta kifuani, akamng'ang'ania, wakalia wote wawili katikati ya shangwe.

Basi, enyi mlionisikiliza, shikeni hili: magonjwa hayafanani njia. Ukija mwingine, usikimbilie dawa ya jana. Uliza kwanza unapita wapi, kisha ufunge njia hiyo, hata kama kuifunga kunakuuma.

Hapa ndipo hadithi yangu ilipokomea. Aliyeisikia na amsimulie ambaye hakuwapo.