Dawa Isiyotajwa Jina

Kikohozi kimoja kilisikika usiku, kikavu kama ukuni unaovunjika, na Mwanasiti akajua kuwa mama yake ameacha tena vidonge vya hospitali. Alikuwa akinywa chupa ya Bwana Kijoti, tajiri wa sokoni aliyetangaza dawa ya kuponya kifua, kiuno na wivu. Jina la dawa hiyo Kijoti hakulitaja kamwe. "Dawa ikitajwa," alisema, "nguvu zake huruka."

Asubuhi Mwanasiti alimfuata Kijoti mezani pake sokoni, mama akijikokota nyuma na chupa yake mkononi.

"Shikamoo, mzee. Nasikia serikali inataka kila tangazo lithibitishwe."

"Marahaba. Serikali ikachunge ng'ombe! Mdomo wa mtu hautiwi kufuli. Mtangazaji aseme atakalo."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mwanangu. Una sauti tamu, hebu nitangazie."

Akampa kipaza sauti.

"Wateja, sogeeni!" Mwanasiti aliimba. "Dawa ya Bwana Kijoti ni hii! Mkojo wa punda, wa leo leo!"

Watu walitema mate. Mama aliiondoa chupa mdomoni.

"Mwongo!" Kijoti alifoka. "Athibitishe! Serikali iko wapi? Watu wanatangaza ovyo namna hii, hakuna sheria?"

"Mzee, si tumekubaliana mtangazaji aseme atakalo? Kama si mkojo, ni nini?"

"Ni dawa!"

"Ndiyo mkojo huo!" wateja walipiga kelele, wakikunja mikono ya mashati.

Kijoti alirudi nyuma hadi mgongo ukagota ukutani.

"Wallahi si mkojo, jamani," alilia. "Ni chai ya rangi!"