Harusi Ilivyoingia Ikulu Ndogo

Wapendwa, leo nawapeleka Ikulu. Msiangalie viatu vyenu, njooni hivyo hivyo mlivyo. Tena siyo ile Ikulu ya mjini. Nawapeleka ikulu ndogo, nyumba ya mawe iliyojengwa juu mlimani na gavana mmoja wa zamani aliyekuwa akikimbia joto, na baada ya uhuru ikawa mahali pa Rais kwenda kupumzika.

Nyumba hiyo ilikuwa na mtunzaji, aliyeishi na mkewe kwenye nyumba ya uani. Kazi yake aliipenda kwelikweli. Sakafu aliing'arisha mpaka unayaona meno yako. Viti vya sebuleni vilikuwa bado na nailoni zake za dukani, kwa sababu alisema wa kuzitoa ni Rais mwenyewe. Kuku akikatiza kwenye majani, ilikuwa kesi. Rais alikuja mara chache, akalala, akaondoka asubuhi, na mtunzaji akarudi kwenye deki yake. Mnamjua mtu wa namna hiyo? Msimtazame jirani.

Basi Jumamosi moja, chini ya mlima ule kulikuwa na harusi. Watu wametoka kanisani, pilau limeiva, matarumbeta yanalia, mara mvua ya milimani ikashuka na upepo ukang'oa turubai. Turubai likaenda zake bondeni. Wakakimbilia nyumba kubwa kuliko zote wanazozijua, wakasimama getini wameloa chapachapa, bibi harusi kalikusanya gauni mikononi, mpishi kalikumbatia sufuria lake kama mtoto mgonjwa.

Mke wa mtunzaji akachukua ufunguo.

"Mama Nakijwa, unakwenda wapi na huo ufunguo?" mumewe akauliza.

"Nakwenda kufungua. Humwoni bibi harusi anavyotetemeka?"

"Nyumba hii ni ya Rais. Akijua, kazi sina, na kesho tunalala nje, mimi na wewe na vyombo vyetu."

"Ya kesho tutayaona kesho, Baba Nakijwa. Wenzetu wananyeshewa sasa hivi."

Akafungua. Watu wakajaa sebuleni mpaka barazani. Nailoni zikavuliwa, wazee wakakalishwa, moto ukawashwa kwenye meko ya ukutani, pale alipokuwa akiota gavana. Matarumbeta yakaanza upya, na ile sakafu, wapendwa, ikachezwa. Mtunzaji alihangaika na tambara lake, anafuta nyayo huku nyingine zinakuja.

Ndipo likaingia gari lenye bendera. Rais alikuwa safarini, maporomoko ya udongo yamekata barabara, akasema apelekwe kwenye ile nyumba ya mlimani. Hakuna simu iliyotangulia. Matarumbeta yakanyamaza, moja baada ya jingine. Bwana harusi akabaki na mnofu mdomoni, hajui ateme au ameze.

Rais akatazama huku na huku. "Nani amewafungulia hawa?"

Mtunzaji akawahi. "Si mimi, Mheshimiwa. Mimi nilikataa. Ni huyu mke wangu, na nilimwonya."

"Ni wewe, mama?"

"Ni mimi, baba. Walikuwa wanalowa."

Rais akakaa kwenye kiti kilichovuliwa nailoni, akavua viatu, akaomba sahani ya pilau. "Mama," akasema, "kila nikija hapa naogopa hata kukanyaga sakafu. Narudi mjini nimechoka kuliko nilivyokuja. Leo ndiyo mara ya kwanza nakuta nyumba yangu ina watu. Njoo ukae hapa karibu nami." Kisha akawageukia wapiga matarumbeta. "Na ninyi mbona mmenyamaza? Nimewakosea nini?"

Wakapuliza mpaka vioo vikatetemeka. Rais wa nchi akacheza harusi ya watu na soksi miguuni.

Na mtunzaji je? Alisogea taratibu nyuma ya kiti cha mkewe, akainama sikioni. "Mama Nakijwa, si umwambie tu kwamba tulifungua wote?"

Mnacheka. Chekeni, hata mimi nacheka. Lakini ufunguo ule uko mikononi mwetu. Sisi ndio tuliopewa kutunza nyumba isiyo yetu, na deki tunapiga vizuri, Mungu anatuona. Ila ni lini tulimuuliza mwenye nyumba kama anapumzika humu? Huenda furaha yake yote imesimama getini imeloa, na sisi tumeikazia macho kwa ajili ya sakafu. Siku moja ataingia bila kupiga simu, na atauliza lile lile, nani amewafungulia hawa. Siku hiyo hakutakuwa na nafasi ya kunong'onezana. Twendeni tukafungue leo, wapendwa, ili naye akituuliza tumjibu bila kutetemeka: ni mimi, Baba. Walikuwa wanalowa.