Shemdoe na Hati ya Uwakili

Paukwa!
Pakawa!
Mmeshiba?
Tumeshiba!
Basi fungeni midomo, fungueni masikio.

Hapo kale, benki zikiwapo na aibu ikianza kuadimika, palikuwa na bwana mmoja akiitwa Shemdoe. Kuvaa, anajua. Kusema, anajua. Kumjulia hali shangazi yake, hajui! Miaka tisa alikaa mji wa mbali, hakukanyaga kwao hata siku ya Idi.

Shangazi huyo, Bi Mwantumu, macho yalikuwa yanafifia. Akasuka mikeka, akauza, akaweka benki fedha za daktari wa macho. Shemdoe aliposikia shangazi ana akiba, lo, mapenzi yakamjaa ghafla! Akapiga simu.

"Shangazi, usihangaike na benki. Mimi si damu yako? Nakutumia hati ya uwakili. Weka dole gumba tu, mengine niachie mimi."

"Haya, baba," akasema bibi.

Hati ikaenda kwa basi, ikarudi kwa basi, ina dole. Shemdoe akaibusu. Moyoni keshanunua pikipiki nyekundu. Mnacheka? Mwenzenu alikuwa keshachagua na kofia!

Akafika benki, kifua mbele. Karani, mama mmoja mtulivu, akavaa miwani.

"Mwenye akaunti aliweka dole mbele yako?"

"Mbele yangu."

"Ulimwona?"

"Kwa macho yangu haya."

"Utaapa?"

"Wallahi! Mkono ulikuwa unamtetemeka, maskini. Nikaushika mwenyewe, nikaukandamiza hapa!"

Ulimi hauna mfupa, jamani. Karani akalinganisha dole lile na la kwenye kumbukumbu za benki. Halifanani hata chembe. Akampigia Bi Mwantumu, akaweka sauti ya juu, foleni nzima ikasikia.

"Bibi, Shemdoe alikushika mkono ukaweka dole kwenye hati?"

"Mkono?" Bibi akacheka mpaka akapaliwa. "Miaka tisa sijamwona uso, huo mkono aliushikia wapi? Hilo ni dole gumba la mguu, mwanangu! Nilijua ataapa kwamba aliniona. Nikasema, ngoja tumwone na yeye."

Foleni ikaangua kicheko. Shemdoe akatafuta mlango, asiuone. Na siku hiyo mkono ulishikwa kweli: mlinzi aliushika wa Shemdoe.

Akiba ikabaki salama, Bi Mwantumu akatibiwa macho. Njia ya mwongo ni fupi, nayo ya mwenye tamaa ni fupi zaidi.

Ngano yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Shemdoe!