Mnyororo wa Tela la Mama Tabia

Mama Tabia wa Mombo alilisha watoto wake kwa kukodisha tela moja. Bwana Mdoe, mwenye nyumba wake, aliwahi kulikodi akalirudisha ekseli imepinda. Sasa alikuja tena na gari jipya, anapandisha makochi Lushoto.

"Safari hii funga mnyororo wa usalama, baba, na kwenye kona uende polepole."

"Mnyororo ni wa mbwa. Gari hili lina nguvu, nami nina haraka. Au umechoka kukaa kwenye nyumba yangu?"

"Sijachoka, baba. Ngoja nilifute vumbi, uende."

Akaingia ndani, akakawia kidogo, akatoka na kitambaa. Bwana Mdoe aliondoka akipiga honi, mnyororo ukining'inia.

Jioni tela lilirudi bila mkwaruzo, mnyororo umefungwa. Bwana Mdoe alishuka akitokwa jasho.

"Hapo njia panda nimemkuta mama mkwe na kikapu chake, ananingoja. Nani alimwambia napandisha Lushoto?"

"Kwani hakukaa vizuri?"

"Kakaa kiti cha mbele! Kwanza kanishusha nifunge mnyororo. Halafu kila nikikanyaga mafuta, 'Baba, nilikuoza binti yangu awe mke, sikumtuma akakae eda.' Nimepitwa na trekta!"

"Pole, baba. Ijumaa unalichukua tena?"

"Nitakodi kwingine!"

"Sawa. Ila niambie ni wapi, maana mama mkwe ameomba nimpigie simu kila ukisafiri."