Mchezo wa Pointi Sabini

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani, maana simu za mkononi zilikuwapo na lami ilikuwapo. Kwangu mimi zamani ni jambo lolote ambalo halirekebishiki tena. Aliyelala aamke, na anayetafuna karanga atafune polepole, kwa sababu mwishoni nitawauliza swali na sitaki kusikia mtu akisema hakusikia.

Hapo zamani palikuwa na hoteli iliyoitwa Pumziko. Ilikuwa na nyumba tano: Korogwe, Morogoro, Dodoma, Shinyanga, na ya tano, kubwa kuliko zote, ilikuwa Dar es Salaam, ukuta kwa ukuta na hospitali ya mionzi. Ukilala Pumziko usiku mmoja, unaandikiwa pointi moja. Ukifikisha pointi sitini, unapewa chumba cha kitanda kimoja bure, siku kumi na nne, katika nyumba yoyote uitakayo. Ukifikisha sabini, unapewa chumba cha vitanda viwili. Lakini ikifika tarehe thelathini ya mwezi wa sita, saa kumi na moja jioni, kaunta ya pointi inafungwa, na pointi zote zisizochukuliwa zinafutwa. Unaanza tena na sifuri.

Sasa niambieni, ni nani analala hotelini mara sitini kwa mwaka? Hakuna. Wenye hoteli walilijua hilo, si wajinga.

Lakini walikuwapo wasafiri watatu waliokutana kila mara kwenye chai ya asubuhi ya Pumziko. Wa kwanza alikuwa Kajuna, muuza dawa za mifugo. Wa pili alikuwa Nyaulingo, fundi mizani, aliyezunguka vituo vya kununulia pamba akitengeneza mizani zilizoharibika. Wa tatu alikuwa mwanamke, Somoe, aliyepeleka vitabu vya shule mikoani. Siku moja Somoe aliweka kikombe chini akasema, "Jamani, kwa nini tusicheze mchezo? Kama akina mama wanavyocheza wa hela, sisi tucheze wa pointi. Sote tuandikishe jina moja. Mwaka huu apokee mmoja, mwaka ujao mwingine, mwaka wa tatu mwingine."

Wakakubaliana. Jina likawa la Nyaulingo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na kadi tayari. Sharti la hoteli lilikuwa hili: mwenye jina afike mwenyewe kaunta na kitambulisho chake, asaini, ndipo chumba kitoke. Wakapiga kura. Kajuna wa kwanza, Somoe wa pili, Nyaulingo wa mwisho.

Mwaka wa kwanza walilala, wakaandikisha, wakalala, wakaandikisha. Pointi zikafika sitini na nne. Nyaulingo akasaini, Kajuna akampeleka mkewe Dar es Salaam siku kumi na nne, naye mke alikuwa hajawahi kulala hotelini tangu azaliwe. Wakarudi wamenenepa. Miezi tisa baadaye mke akajifungua pacha. Mnacheka? Chekeni sasa, mbele hakuna pa kuchekea.

Mwaka wa pili, zamu ya Somoe, mama yake akaugua. Bi Mwanaidi wa Korogwe, mama aliyemlea Somoe na kaka yake Mhina kwa kuuza vitumbua, akaota uvimbe shingoni. Wakampima. Daktari akasema, "Anahitaji mionzi, siku kumi na nne mfululizo. Aanze tarehe mosi mwezi wa saba. Lakini hatulazi, atakuja asubuhi na kuondoka. Mtafutieni pa kulala karibu, mwili utachoka sana."

Somoe akashukuru Mungu. "Mama, usiwe na wasiwasi. Pa kulala ninapo. Ukitoka mlango wa hospitali, unaingia mlango wa hoteli."

Basi, wakalala na kuandikisha. Lakini Kajuna hakulala. Kampuni yake ilimpa posho ya malazi mkononi, naye akaanza kulala gesti za bei ya chini, kinachobaki kwanza anamlisha mke mjamzito, kisha anawanunulia pacha maziwa. Mwaka wa kwanza, wa zamu yake, alileta pointi ishirini na sita. Mwaka wa Somoe alileta saba. Somoe alipompigia simu alisema, "Dada, nitalala, nitalala, wiki ijayo." Wiki ijayo ikawa ya kila wiki.

Pointi zikafika sitini tarehe kumi na mbili ya mwezi wa sita, wakati zingefika sabini mwezi wa tano. Siku hiyo Nyaulingo alikuwa Shinyanga mjini, hatua chache kutoka kaunta. Akapiga simu. "Somoe, sitini zimetimia. Nisaini?"

Somoe akafikiri. Kitanda kimoja. Mama yake, ambaye usiku huita jina lake ili tu ajue kama yupo, alale peke yake katika mji asioujua? Masharti ya hoteli yalikuwa makali: kitanda kimoja, mtu mmoja, labda wawe mke na mume.

"Usisaini, kaka," akasema. "Bado siku kumi na nane. Nitazileta kumi mimi mwenyewe. Nataka vitanda viwili."

"Una hakika?"

"Mama yangu hatalala peke yake."

Somoe akaenda kulala Pumziko ya Morogoro, akalala Pumziko ya Dodoma, akarudi Morogoro. Kila usiku aliolala huko ili aje kulala na mama yake, mama yake alilala bila yeye. Asubuhi ya tarehe ishirini na tisa pointi zikawa sabini. Hakuna hata moja iliyopungua.

Akampigia Nyaulingo. Fundi alikuwa vijijini, mwendo wa saa tatu kutoka Shinyanga, maana msimu wa pamba ulikuwa umefunguliwa. "Kesho asubuhi naondoka, saa sita mchana nasaini," akasema. Na kweli, asubuhi ya tarehe thelathini alipanda pikipiki. Hakufika mbali. Kwenye kituo cha pamba cha kijiji cha pili wakulima walisimama njiani.

"Fundi, mizani yetu inakula kilo mbili kila gunia. Mnunuzi anaondoka leo."

"Nina haraka, wazee wangu. Kuna mgonjwa ananisubiri."

"Na sisi tumelima mwaka mzima, fundi."

Nyaulingo akatazama foleni ya magunia. Akatazama saa. Akasema moyoni, saa moja tu. Lakini chuma kilichopinda hakikutaka kunyooka, na alipomaliza ilikuwa saa tisa kasoro robo mchana. Akapanda pikipiki, akaikimbiza kama mwehu, na alipoingia Pumziko ya Shinyanga saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini.

Kaunta alikuwapo Nsia, mhudumu wa mapokezi.

"Dada, nisainishe haraka."

"Tumefunga, kaka. Saa kumi na moja."

"Kompyuta si bado inawaka?"

"Inawaka. Inakubali mpaka saa sita usiku. Lakini sheria ni saa kumi na moja."

"Dada, kuna mgonjwa. Mama wa mwenzetu."

Nsia akamtazama kwa huruma iliyochoka. "Kaka yangu, kila anayechelewa ana mgonjwa. Mwaka jana nilimsainishia mmoja aliyelia mbele yangu, kumbe chumba kilikuwa cha harusi. Nikapewa barua ya onyo. Barua ya pili ni kurudi nyumbani, na nyumbani kuna watu wanne wananitazama mimi."

Nyaulingo akapiga magoti. Watu waliokuwa wanakunywa soda wakageuza nyuso. Kidole cha Nsia kilikuwa juu ya kitufe, nasema juu yake kabisa. Kisha akakiondoa, akafunika kompyuta kwa kitambaa chake.

Pointi sabini zikafutwa.

Somoe akampeleka mama Dar es Salaam hivyo hivyo. Chumba cha kulipia karibu na hospitali hakikuwa cha mfuko wake. Wakafikia kwa ndugu, pembezoni kabisa mwa mji, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Siku ya kwanza mama alitapika njiani. Siku ya tatu hakuweza kupanda ngazi ya basi, akapandishwa. Kila siku walipotoka hospitalini walipita mbele ya mlango wa Pumziko, na Bi Mwanaidi akauliza mara moja tu, "Ndiyo hii?" Somoe akasema ndiyo.

Siku ya saba, saa kumi na moja alfajiri, Somoe alimwamsha wajiandae. Mama akashika mkono wake. "Mwanangu, mimi nimechoka. Si ugonjwa, ni njia. Nirudishe Korogwe nikalale."

Alirudi, akalala, na mwezi wa nane akafa. Daktari alipoulizwa alisema, "Siwezi kuapa. Lakini angemaliza siku kumi na nne, tungekuwa na la kutumainia."

Siku ya tatu ya tanga, wanaume wamekaa kwenye majamvi uani, wanawake wamo ndani. Wakaja watu watatu kutoa mkono wa pole. Kajuna alikuja. Nyaulingo alikuja. Nsia naye alikuja baada ya kuambiwa na Nyaulingo, siku mbili barabarani kutoka Shinyanga, kwa ajili ya mtu ambaye hakupata kumwona. Kaka yake Somoe, Mhina, aliyekuwa amesikia kisa chote, akasimama mlangoni mwa ua na kuziba njia.

"Siwezi kumzuia kila mtu," akasema, "lakini mmoja hataingia. Yule aliyemnyima mama yangu kitanda. Semeni wenyewe ni nani."

Kajuna akasema, "Nilipokea, kisha sikurudisha. Ningelala nilivyopaswa, sabini zingetimia mwezi wa tano na haya yote yasingekuwapo. Lakini tarehe ya mwisho mimi sikuichelewa. Nilikuwa na watoto wawili wachanga, Mhina. Maziwa yao yalitoka wapi?"

Nyaulingo akasema, "Jina lilikuwa langu na mguu ulikuwa wangu. Nilisimama kutengeneza mizani ya watu wengine. Lakini tarehe kumi na mbili nilikuwa hatua chache kutoka kaunta, kitambulisho mkononi, nikaambiwa nisisaini. Na wale wakulima, ningewapita?"

Nsia akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilikuwa wa mwisho, na nilichohitaji ni kubonyeza tu. Waliochelewa ni wao, sheria si yangu. Lakini kidole kilikuwa changu, na toka siku hiyo silali."

Mhina akawatazama mmoja mmoja. Alitaka kumchukia mmoja, wallahi alitaka, maana uchungu ukiwa na jina unabebeka. Kila alipomwinulia mmoja mkono, maneno ya mwingine yakaushusha.

Hapo pazia la mlango wa nyumba likafunuliwa. Somoe akatoka, kanga kichwani, macho yamevimba. Wanawake wakamwita arudi ndani. Hakurudi. Akapita katikati ya majamvi ya wanaume, akapita mbele ya kaka yake, akatoka nje ya ua. Akasimama na wale watatu.

"Kaka," akasema, "kitanda kimoja kilikuwapo. Mimi ndiye niliyesema hapana. Nilitaka nisikie anaponiita."

Mhina akaegemea nguzo ya mlango na kulia mbele za watu, mtu mzima yule. Kisha akafuta uso. Neno lake lilikuwa limeshatoka mbele ya wazee: mmoja hataingia, wengine wataingia. Hitima imeanza kusomwa, na wanne wamesimama nje wakimsubiri aseme.

Nami nawatupia ninyi mliokula karanga zangu. Kajuna aliyepokea asirudishe, Nyaulingo aliyechelewa, Nsia aliyeondoa kidole, Somoe aliyempenda mama yake vitanda viwili. Je, nani alistahili kubaki nje?