Jinsi Ukoo wa Mwakiloi Ulivyopata Jina

Sogeeni basi, na aliyekuja kutafuta usingizi akaulalie kwao. Jina la Mwakiloi mnaliona kwenye mabango ya maduka na kwenye milango ya malori, mnadhani limezaliwa hapahapa Unyakyusa kama majina mengine. Wapi. Jina hilo limetoka Uskoti, nchi ya mvua na mawe, na aliyelileta hakukaa nalo sana.

Zamani hizo ukoo huo haukuwepo. Alikuwepo kijana tu, Ambilikile, aliyeletwa mgongoni na mama yake akiwakimbia watekaji wa watumwa. Mama huyo, Angetile, aliingia kwenye migomba ya watu akiwa hoi, akapewa maji, akapewa pa kulala, akaishi. Baba wa mtoto alibaki huko nyuma, na Angetile hakulitamka jina lake hata siku moja. Akiulizwa alishika jembe akaenda shambani, na mwisho akafa na jina hilo moyoni.

Sasa sikilizeni ubaya wake. Enzi hizo vijana wa rika moja hawakuzeekea kwa baba zao, walijenga kijiji chao wenyewe pembeni. Siku ikifika, malafyale, yaani chifu, aliamuru moto uzimwe katika kila nyumba. Moto mpya ukapekechwa, akaugawa pamoja na ardhi. Kila kijana aliitwa kwa jina la baba yake, akasogea akawasha kijinga chake cha moto, akaonyeshwa shamba. Asiye na jina la baba hakuitwa. Huyo alibaki kujibanza kwenye vibanda vya wenzake, anaota mvi na bado anaitwa kijana.

Siku ya moto ilikuwa inakaribia, na Ambilikile hakai kitako. Alikula amesimama. Alianza kusuka kikapu asubuhi, akakiacha, akashika kingine. Wenzake walimtania, "Wewe umekalia siafu?" Walicheka naye akacheka nao, kisha akazunguka nyuma ya nyumba akalia peke yake.

Kule ziwani alikuwepo mwashi wa Kiskoti, mtu wa nywele nyekundu kama udongo wa kichuguu, akiwajengea wenzake wa misheni nyumba ya mawe. Aliitwa Makilroi. Ambilikile alikwenda kumbebea mawe, si kwa kupenda kazi, ila jiwe zito humchosha mtu akapata usingizi. Mwashi alijua Kinyakyusa cha kuungaunga, na alipenda maneno kuliko kupumzika, basi wakazoeana.

Siku moja Ambilikile alimuuliza ukoo wao ulianza na nani. Makilroi akasema ulianza na mtumishi, kijana mwenye nywele nyekundu aliyemtumikia bwana mmoja huko milimani kwao. Baba wa kijana huyo hakujulikana, na mpaka leo hajulikani.

Ambilikile akaweka jiwe chini.

Mwashi hakumwona, alikuwa ameshanogewa. Akawataja wakubwa wa jina hilo: nahodha aliyepitisha meli katikati ya barafu na kurudi na watu wake wote, bibi mmoja aliyebaki kuuguza mji wa bandari wakati waganga wenyewe wamekimbia tauni, fundi wa madaraja ambaye madaraja yake yangali yanapitwa na ng'ombe. Akamtaja na mwizi wa mifugo aliyenyongwa, maana ukoo bila mmoja wa hivyo atauamini nani.

"Na wote hao ni damu ya yule mtumishi?" Ambilikile aliuliza.

"Wengi walikuwa watu wa kuja. Kwetu ukikaa chini ya ulinzi wa mtu, unachukua jina lake."

"Basi nipe na mimi."

Makilroi alicheka akampa palepale, kirahisi kama mtu anayempa mwenzake ugoro. Hakuwa na ubaya moyoni. Lakini hakujua kwamba huku jina la baba haliji peke yake: shamba la mtoto linashikiliwa na kaburi la baba yake, na baba asiyezikwa kwa mwanawe ni sawa na baba ambaye hakuwahi kuwepo.

Siku ya moto mwashi alisimama mbele ya watu, koti limembana, jasho linamtiririka. Malafyale Kasambala alimuuliza kama huyu ni mwanawe. Akasema ni wake. Akamuuliza kama atazikwa kwa mwanawe huyo. Makilroi akaitikia haraka, kama mtu anayekubali kualikwa harusi ambayo haijapangiwa siku. Ambilikile akaitwa, akawasha kijinga chake, na midomo ya watu ikalikunja lile jina likawa Mwakiloi, likakaa.

Haikupita mvua nyingi, homa ikamwangusha mwashi. Wenzake walimpakia kwenye meli ya moshi wamrudishe kwao. Habari zilizokuja baadaye zilisema amefia safarini, na mwili wake umetoswa baharini.

Kufikia hapo Ambilikile alikuwa na mke, Tumpe, na binti, Sekela, na migomba inayozaa. Watu walianza kunong'ona visimani, kisha wakaacha kunong'ona wakasema. Kasambala akamwita. Akamwambia, "Kabla ya mavuno nionyeshe alipolala baba yako. La sivyo utaurudisha moto wangu, na shamba langu pia."

Mtu afanye nini hapo? Ambilikile alifyeka nafasi katikati ya migomba, akaifagia, akaiacha wazi. Kila meli ikipiga honi alishuka mbio mpaka ziwani, kana kwamba maiti hushuka na mizigo. Alirudi jioni miguu imechubuka.

"Baba Sekela, kaa chini ule," Tumpe alimsihi.

"Nikikaa watanikuta nimekaa."

Siku moja akitoka ziwani alimkuta mtu njiani, mpagazi aliyetupwa na msafara wake kwa kuwa amezidiwa. Ambilikile alimbeba mpaka nyumbani. Tumpe akampa uji, ukamshinda. Walimuuliza jina, lugha yake hawakuielewa, na kufikia adhuhuri ya kesho yake alikuwa amekufa.

Ambilikile hakumshauri mtu. Alichukua jembe akachimba pale palipofagiwa, kisha akaangua kilio ambacho kijiji kizima kilikisikia. Wanaume walikuja na mikuki yao kuchezea msiba, kama ilivyokuwa desturi, wakamkuta amepiga magoti anamlilia baba yake Makilroi.

Kasambala alimfunua marehemu uso. "Huyu si Makilroi. Makilroi tulimjua, na nywele zake tulizijua."

"Hata mimi sikuwa Makilroi, malafyale, mpaka mtu aliponiita hivyo," Ambilikile akasema. "Kama huyu ana wenyewe, wajitokeze wamchukue."

Hakujitokeza mtu. Hasira zilimwendea Kasambala na kumrudia. Kisha akaomba mkuki, akaingia kucheza. Malafyale akishacheza, nani atabaki amekunja mikono? Walicheza msiba ule mpaka vumbi likawafika viunoni, na suala la shamba halikutajwa tena.

Mkidhani Ambilikile alitulia baada ya hapo, mmekosea. Alikuwa ameyasema maneno yale mbele ya watu wote, na hayakurudi mdomoni. Sasa kila aliyeanguka njiani bila mwenyewe alikuwa wake. Alifyeka nafasi nyingine, akatoka tena kutazama.

Na tangu siku hiyo watu wa Mwakiloi hawana utulivu. Waliotoka kwao ni madereva, wauguzi, mafundi wa barabara, na popote walipo hawawezi kupita ajali bila kushuka. Wanazunguka vyumba vya maiti wakiuliza kama yupo ambaye hajachukuliwa. Katika migomba yao wamelala watu wengi kuliko waliozaliwa humo, wote kwa jina moja.

Juzi turubai lilikuwa limefungwa kwao, na jirani mmoja akasimama kuuliza nani amefariki.

"Mwakiloi," akajibiwa na mama aliyekuwa anachambua mchele.

"Mwakiloi yupi?"

"Hatujamjua bado," mama akasema, akijifuta macho. "Karibu ndani utusaidie kulia."