Mzigo Aliowanyima Ndugu Zake

Mtu mmoja alikuwa na mke aliyempenda, akamficha watu wasimwone.

Mtu huyo aliitwa Ambakisye. Alikuwa seremala na mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa milima ya Rungwe, huko ambako mvua ya Januari haiishi, hupumzika tu. Katika jumuiya yake hapakuwa na nyumba ambayo mikono yake haikuigusa. Paa likiezuliwa na upepo, yeye ndiye aliyepanda kwanza. Mtu akifa, jeneza lilitoka kwake, na mwenye msiba alipouliza bei, Ambakisye alitazama pembeni kama mtu ambaye hakusikia. Watu walimpenda. Walizoea kusema, “Mwiteni Ambakisye,” kama vile mtu asemavyo, “Leteni shoka.”

Mkewe aliitwa Subilaga. Kwa miaka mingi alifundisha shule ya Jumapili, na watu wazima wengi wa jumuiya ile walijifunza sala ya Baba Yetu kutoka kinywani mwake. Kisha akapatwa na ugonjwa wa kusahau. Ulianza kidogo kidogo: chumvi katika chai, kanga iliyoanikwa juu ya moto. Ukazidi. Akawa anamtafuta mama yake aliyezikwa zamani. Akawa anatukana, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kumtukana hata mbuzi aliyekula mboga zake. Asubuhi moja Ambakisye aliingia kutoka uani akakuta amewekewa kigoda katikati ya chumba. Subilaga alimwambia kwa adabu, “Karibu, mgeni. Mwenye nyumba hayupo.”

Ambakisye akaketi. “Nitamsubiri,” alisema.

Tangu siku hiyo aliamua kwamba hakuna mtu atakayemwona mke wake katika hali ile. Alikuwa na sababu. Zamani, katika msiba fulani, aliwasikia watu wakizungumza habari za mama mmoja wa kilima cha pili aliyekuwa na ugonjwa kama huo. Wengine walisema amelogwa. Mmoja aliinuka akaiga mwendo wake, na watu wakacheka. Ambakisye mwenyewe alitabasamu, kwa kuwa wakati ule Subilaga alikuwa mzima. Kicheko kile hakikumtoka tena masikioni. Basi akaweka komeo upande wa nje wa mlango, na kila alipotoka kwenda kuwasaidia wengine, alilifunga. Walipomwuliza habari za mama, alijibu, “Miguu inamsumbua. Anawasalimu sana.”

Nao walisema, “Mpe pole.”

Salamu hizo zikawatosha. Tusiseme hawakujua lolote. Waliopita njia ya karibu na nyumba ile walisikia sauti ndani, wakaona mzee akifua mashuka mwenyewe na kuyaanika sebuleni badala ya uani. Lakini kuuliza kungeleta jibu, na jibu lingeleta kazi. Wakaendelea kutuma salamu.

Jumuiya ile ilikuwa na desturi yake. Wiki ya kwanza ya mwaka watu wote walikusanyika katika nyumba moja, wakapika pamoja, wakala, wakauombea mwaka. Nyumba ilichaguliwa kwa kura. Punje za mahindi zilitiwa kapuni pamoja na haragwe moja jekundu, kila nyumba ikatuma mkono wake, na aliyetoa haragwe ndiye aliyewapokea ndugu. Watu waliipenda kura hiyo kwa sababu haikujua nani ana sebule kubwa na nani anakalia magogo.

Mwaka huo haragwe lilimwangukia Ambakisye.

Alilitazama kiganjani, akasimama. Alisema nyumba yake haijawa tayari, kuna kazi hajaimaliza. Akaomba waanzie kwa jirani yake Lugano, na yeye ataleta kuni na ndizi za watu wote. Watu walipiga makofi. Walisema, huyu kweli ni mtumishi. Mwanamke mmoja tu hakupiga makofi, mjane mzee aliyeitwa Atuganile. Mumewe alizikwa katika jeneza la Ambakisye, na paa lililomkinga na mvua lilikuwa la Ambakisye. Hakupiga makofi, lakini hakusema neno pia. Alirudi nyumbani na ukimya wake, nao ukamlemea.

Siku ya ibada ilifika, na mvua ikafika nayo. Ambakisye alibeba kuni mzigo baada ya mzigo, akizitoa kwa mlango wa jikoni kwake ili zisilowe. Mara ya mwisho alikuwa amechelewa. Alilifunga komeo la mlango mkubwa kama kawaida yake, akakimbilia nyumbani kwa Lugano. Mlango wa jikoni aliusahau.

Walikuwa wamekwisha kula. Mwinjilisti alikuwa akiutaja mwaka mbele za Mungu, mimba na mazao, wasafiri na wagonjwa, na Ambakisye alikuwa ameinamisha kichwa kama wengine, akiitikia amina kwa ajili ya wagonjwa wa nyumba nyingine. Kisha upepo wa baridi ukaingia, maana mlango ulikuwa umefunguliwa, na watu wakainua macho.

Subilaga alisimama kizingitini bila viatu. Kanga moja ilimganda mwilini, na matope yalimfika magotini. Aliwatazama wote walioketi pale, mstari kwa mstari. Kwa fahamu zilizombakia, watu wengi kiasi kile hukusanyika kwa jambo moja tu.

“Nani amekufa?” aliuliza.

Wako waliotazama chini. Wako waliomtazama Ambakisye, na katika macho yao mlikuwa na mshangao, na katika macho ya wengine hamkuwa na mshangao wowote, na hao ndio walioinamisha vichwa upesi. Ambakisye aliinuka. Alivua koti lake akamfunika mkewe, akamshika bega kumgeuza.

“Mnisamehe,” alisema. “Nampeleka nyumbani. Endeleeni na sala.”

Hapo Atuganile akainuka alipokuwa ameketi. Alitembea kwa shida kati ya magoti ya watu, akafika mlangoni, akasimama pale ambapo Ambakisye alipaswa kupita.

“Baba,” alisema, “mizigo yetu umeibeba yote, na wa kwako umetunyima. Sasa tukuite ndugu, au tukuite mfadhili?”

Ambakisye hakutaka kulia mbele ya watu, kwa hiyo alikasirika. “Mngemcheka,” alisema. “Nawafahamu. Mngemcheka.”

Ingekuwa rahisi kukana, na mahali pengine wangekana. Lakini Lugano, mwenye nyumba, alikuwa mtu asiyejua kupamba maneno. “Huenda tungecheka kweli,” alisema. “Mimi huenda ningekuwa wa kwanza. Lakini umetuhukumu kabla hatujakosa, Mzee. Na sisi tumekuacha tukijua. Keti.”

Ambakisye hakuketi. Lakini hakutoka.

Wanawake walileta maji ya moto katika beseni. Atuganile akapiga magoti, jambo lililomchukua muda kwa umri wake, akaanza kumwosha Subilaga miguu. Subilaga alimtazama kwa makini, akamrushia maji usoni, akatamka kwa sauti ya mwalimu anayeita majina darasani, “Huyu namjua. Huyu ni mwizi wa kuku.”

Kisha Atuganile, maji yakimtiririka kidevuni, akacheka. Alicheka kwanza peke yake, kicheko cha mtu aliyeshikwa na jambo asilolitarajia, kisha msichana mmoja aliyeshika taulo akashindwa kujizuia, kisha Lugano, na mwishowe sebule yote. Subilaga aliwatazama, akaona kuna furaha, akacheka nao. Ambakisye alikisikia kile kicheko alichokikimbia miaka yote. Kilikuwa kicheko kilekile, cha midomo ileile, juu ya ugonjwa uleule. Lakini sasa mke wake alikuwa ndani yake, hakuwa nje. Hapo ndipo alipoketi chini kwenye jamvi, akalia kama mtu anayetua gunia.

Sitawaambia kwamba baada ya siku hiyo mambo yote yakawa mema, kwa kuwa hamtaniamini, na mtakuwa na haki. Walipanga zamu za kukaa na Subilaga. Wengine walikuja, wengine walisahau, na mmoja aliahidi mbele ya watu kisha hakuonekana hadi mavuno. Ambakisye naye alikuwa mgumu wa kusaidiwa. Siku za zamu alifagia nyumba kabla wageni hawajafika, akapika uji kabla hawajashika sufuria, akasimama nyuma yao akiwaelekeza jinsi ya kumkunjia mama blanketi. Walichoka naye kuliko walivyochoka na mgonjwa.

Kisha likatokea la kuumiza. Mwanamke mmoja wa zamu, Tumpale, alisimulia sokoni matusi aliyotukanwa na Subilaga, akayaiga hata sauti, na watu wasiokuwa wa jumuiya wakacheka. Habari zikamfikia Ambakisye. Alirudi nyumbani bila kusema na mtu, akafunga milango yote miwili, safari hii kwa ndani, na waliokuja zamu walibisha hodi wakaondoka. Alijiambia kwamba alikuwa na haki tangu mwanzo. Na kwa sehemu alikuwa nayo.

Siku ya tatu alikuja Atuganile. Alibisha, hakujibiwa. Hakuondoka. Alitandika gunia barazani, akaketi, akaanza kumenya ndizi alizokuja nazo kana kwamba yuko kwake. Mvua ilinyesha upande ule wa baraza, naye hakusogea. Ndani, Ambakisye alimsikiliza. Alisubiri aondoke, naye hakuondoka. Mwishowe alifungua, kwa kuwa hakuweza kuvumilia mtu mzee kulowa mlangoni pake, na alipofungua aliona kwamba Atuganile hakuja peke yake. Tumpale alikuwa amesimama chini ya mgomba, amelowa kuliko yeye.

“Nimekosa, baba,” Tumpale alisema. “Zamu yangu ni leo. Ukinikataa nitaelewa.”

Ambakisye alikaa muda mrefu ameshika mlango. Ningependa kuwaambia alimsamehe palepale kwa moyo wote. Sijui. Ninachojua ni kwamba alisogea pembeni, na Tumpale akapita.

Siku hiyo, Tumpale akiwa ndani na mgonjwa na Atuganile akipika, Ambakisye alikwenda karakana kutafuta bisibisi. Aliketi kidogo juu ya mbao alizokuwa ameziranda, akalala usingizi, akalala mpaka jioni. Walimwona, wakamwacha. Haikuwahi kutokea katika jumuiya ile mtu akampita Ambakisye amelala. Waliosimama mlangoni wakimtazama waliona kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa amezeeka.

Subilaga aliishi mpaka mvua za mwaka uliofuata. Hakupona. Siku nyingi hakumjua mumewe, na siku chache alimjua, na hakuna aliyeweza kusema lini itakuwa ipi. Lakini alikufa akiwa ameshikwa mikono miwili, mmoja na mumewe na mwingine na mtu aliyekuwa zamu. Jeneza lake hakulitengeneza Ambakisye. Alitaka, akachukua na randa. Lugano aliitwaa mkononi mwake kwa upole, akaenda kulitengeneza na wenzake. Halikuwa sawasawa, upande mmoja ulikuwa juu kuliko mwingine, na fundi yeyote angeliona. Ambakisye aliliona. Alipitisha kiganja juu ya ule upande uliopinda, akashukuru.

Ndugu zangu, mmekuja Jumapili hii ya kwanza kutoa ahadi za mwaka, na nimewasikia. Mmoja atajenga choo cha shule, mwingine atatembelea wafungwa, mwingine atachimba na vijana barabara ya mlimani. Ni ahadi njema, zitimizeni. Lakini Maandiko yanaposema tuchukuliane mizigo, hayasemi wengine wabebe na wengine wabebewe. Anayetoa siku zote asikubali kupokea hata siku moja, amejiketisha juu ya ndugu zake, hata kama amepiga magoti. Na wanaopokea kwake siku zote wasimwulize hali yake, hao wamemfanya kuwa chombo, nao wanaita jambo hilo upendo.

Basi kabla hamjatawanyika, mtazame yule mtu wa jumuiya yako anayekuja kila unapomwita, ujiulize: je, nyumbani kwake umewahi kuingia?